Soya na misitu: tusiitazame Amazon peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nami nichangie mjadala kuhusu kilimo cha soya na misitu. Wanaoujadili wamegawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema soya ndiyo inayoumaliza msitu wa Amazon, na kwa hiyo mtu anayejali mazingira aache kabisa kuitia kinywani. Kambi ya pili inajibu kwamba zao hili linasingiziwa, kwa kuwa siku hizi hupandwa katika ardhi ambayo miti yake ilikwisha kukatwa zamani na wafugaji wa ng'ombe. Nionavyo mimi, kambi ya kwanza inamshtaki mlaji wa soya asiyehusika, na kambi ya pili inasema jambo ambalo ni kweli kwenye makaratasi lakini linaficha namna ardhi inavyotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Hoja yangu ni kwamba madhara ya soya hayapimwi kwa kuangalia msitu mmoja tu. Ukiulinda huo na kuyaacha maeneo yanayopakana nao, ukataji unahama, haukomi.

Nianze na suala la nani hasa anayeila soya, kwa sababu ndilo linalopotoshwa zaidi. Zaidi ya robo tatu ya soya yote inayovunwa duniani huishia kuwa chakula cha mifugo. Punje hukamuliwa kiwandani. Karibu moja ya tano ya uzito wake hutoka kama mafuta, na sehemu kubwa inayobaki ni mashudu yenye protini nyingi, ambayo hulishwa kuku, nguruwe, ng'ombe wa maziwa na samaki wa kufugwa. Mafuta nayo huenda jikoni, kwenye majarini na, kwa kiwango kinachozidi kukua, kwenye matangi ya magari kama dizeli itokanayo na mimea. Soya inayoliwa na binadamu moja kwa moja, kama vile tofu na maziwa ya soya, ni takriban asilimia 7 tu. China peke yake hununua takriban asilimia 60 ya soya yote inayouzwa nje ya nchi inakolimwa, na nyingi ya hiyo ni kwa ajili ya mabanda ya nguruwe na kuku. Kwa hiyo anayesusia maziwa ya soya huku nyama na mayai vikiwa mezani kwake kila siku amejinyima bure. Soya aliyoikataa ni kidogo mno ikilinganishwa na ile aliyoila kupitia mnyama.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba soya si zao la asili la ukanda wa joto. Ni zao la Asia Mashariki linalopima urefu wa mchana ili lijue wakati wa kutoa maua. Mbegu za zamani zilipopandwa karibu na ikweta, zilitoa maua zikiwa bado fupi sana na mavuno yakawa haba. Lililobadilisha hali hiyo ni kazi ya wanasayansi wa Brazil. Shirika la utafiti wa kilimo la nchi hiyo, Embrapa, lililoundwa mwaka 1973, lilizalisha mbegu zinazostahimili mchana mfupi wa tropiki, na watafiti wakagundua kwamba udongo wa nyanda za kati, wenye asidi na aluminiamu nyingi, unaweza kuzaa vizuri ukitiwa chokaa na fosfati. Johanna Döbereiner, mwanasayansi aliyezaliwa Chekoslovakia na kuhamia Brazil, alisisitiza matumizi ya bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya soya na kuipatia naitrojeni kutoka hewani, na kwa sababu hiyo wakulima wa Brazil hawalazimiki kununua mbolea ya naitrojeni kwa ajili ya zao hili. Mwaka 2006 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa Edson Lobato, Alysson Paolinelli na Colin McClung kwa mchango wao katika kuigeuza ardhi hiyo kuwa mashamba.

Siibezi kazi hiyo hata kidogo. Ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya sayansi ya kilimo katika karne iliyopita, na nchi nyingi za tropiki zingependa kuwa na kituo cha utafiti chenye sifa kama hiyo. Lakini mafanikio hayo ndiyo yaliyoipa thamani ardhi ambayo hapo awali haikuwa na mnunuzi. Leo Brazil ndiyo inayoongoza duniani kwa soya, baada ya kuipita Marekani. Katika msimu wa 2022/23 ilivuna zaidi ya tani milioni 150, na zao hilo linafunika zaidi ya hekta milioni 40, eneo linaloizidi Ujerumani nzima. Eneo la ukubwa huo halipatikani bila kuondoa kitu kilichokuwapo.

Namna kinavyoondolewa inafaa kuelezwa, kwa sababu maneno kama "ufyekaji" yanatufanya tufikirie mtu mwenye panga. Matrekta mawili mazito hufungwa ncha mbili za mnyororo mnene, wa aina inayotumika kwenye nanga za meli, kisha huenda sambamba yakiwa yameachana kwa makumi ya mita, huku mnyororo ukiburuzwa nyuma yake na kung'oa kila kilichosimama katikati. Miti hulala kwa mstari mmoja. Baada ya hapo tingatinga husukuma magogo na matawi kwenye matuta marefu, yakakauka juani, yakachomwa. Halafu huja kazi ya kuokota mizizi kwa mikono ili isivunje mashine za kupandia, kazi ambayo wakaguzi wa kazi wa Brazil wamewahi kuwakuta watu wakiifanya katika hali inayofanana na utumwa. Kisha hunyunyizwa chokaa, tani kadhaa kwa hekta, na kwa kawaida shamba huanza na mpunga au nyasi za malisho kabla halijawa tayari kwa soya.

Hapo kwenye nyasi za malisho ndipo hoja ya kambi ya pili inapoanzia, nami nataka nikae nayo kidogo. Ni kweli kwamba ufugaji wa ng'ombe ndio unaoongoza kwa kuangamiza msitu wa Amazon, tena kwa mbali. Ni kweli pia kwamba ukichukua picha za satelaiti za shamba la soya na kuzirudisha nyuma mwaka hadi mwaka, mara nyingi utakuta kwamba kabla ya soya palikuwa na malisho. Mtetezi wa soya huishia hapo na kutangaza kwamba mteja wake hana hatia.

Lakini malisho hayo ni ya nani, na mwenyewe amekwenda wapi? Mfugaji mwenye hekta mia tano za nyasi zilizochoka, karibu na barabara ya lami, akiletewa bei ya soya, anauza au anakodisha. Fedha anayopata inamnunulia eneo kubwa mara kadhaa huko ndani zaidi, ambako lami haijafika na bei bado iko chini. Ng'ombe wanahama naye, na msitu wa huko unakatwa kwa ajili ya ng'ombe, si kwa ajili ya soya. Ndivyo takwimu zitakavyoandika. Wanasayansi wanabishana kuhusu ukubwa wa uhamisho huu, lakini kwamba upo hakuna mjadala mkubwa. Pia wapo walanguzi wa ardhi, ambao hukata msitu wa umma, hupanda nyasi na kuweka ng'ombe wachache ili waonekane wanaitumia, kisha hukaa wakisubiri hati na barabara, wakijua kwamba ardhi iliyokwisha kusafishwa ina bei kubwa kuliko yenye miti. Ng'ombe wa namna hiyo si mfugo, ni kigingi cha mpaka. Anayempa mlanguzi sababu ya kusubiri ni mnunuzi wa baadaye, na mnunuzi huyo mara nyingi ni mkulima wa soya.

Barabara nazo zina sehemu yake. Barabara ya BR-163, inayotoka Cuiabá katika jimbo la Mato Grosso hadi Santarém kwenye mto Amazon, ilifunguliwa miaka ya 1970 na kwa muda mrefu ilikuwa tope tupu. Kampuni ya Cargill ilipofungua gati lake la nafaka Santarém mwaka 2003, bei ya ardhi ya kando ya barabara hiyo ilianza kupimwa kwa umbali wake kutoka bandarini. Anayesema kwamba soya haikukata mti fulani asisahau kumwuliza nani aliyeifanya barabara iwe na faida.

Sasa niseme jambo linalotia moyo, kwa sababu wanaoandika kuhusu misitu tuna tabia mbaya ya kuandika kama waombolezaji. Mwaka 2006, baada ya shirika la Greenpeace kutoa ripoti iliyoonyesha njia inayopitiwa na soya kutoka mashamba mapya ya Amazon hadi kwenye kuku wanaouzwa katika migahawa ya Ulaya, wanunuzi wakubwa wa Ulaya walishtuka na kuwabana wauzaji. Mwezi Julai mwaka huohuo vyama viwili vya wafanyabiashara wa nafaka wa Brazil, ABIOVE na ANEC, vilikubali kwamba wanachama wao hawatanunua soya iliyolimwa katika ardhi ya Amazon iliyokatwa miti baada ya tarehe hiyo. Baadaye tarehe ya kuhesabia ilisogezwa hadi Julai 2008 ili ilingane na Sheria ya Misitu ya Brazil ya mwaka 2012. Mashamba yalikaguliwa kwa satelaiti, na mkulima aliyekutwa na soya mahali pasiporuhusiwa hakupata mnunuzi mkubwa.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Science na kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Holly Gibbs wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Katika miaka miwili kabla ya makubaliano hayo, karibu asilimia 30 ya upanuzi wa soya katika Amazon ulifanyika kwa kukata msitu moja kwa moja. Baada yake kiwango kilishuka hadi takriban asilimia 1. Na soya haikupungua. Eneo lake ndani ya Amazon liliongezeka zaidi ya mara tatu katika miaka iliyofuata, kwa kutumia ardhi iliyokwisha kuwa wazi. Ukataji wa msitu wa Amazon kwa jumla, ambao mwaka 2004 ulizidi kilomita za mraba 27,000, ulishuka chini ya 5,000 mwaka 2012. Sifa hizo zote haziwezi kupewa makubaliano ya soya peke yake, maana serikali ilikuwa imetangaza hifadhi mpya, imeongeza askari wa mazingira na imewanyima mikopo wakata misitu. Hata hivyo, hofu iliyokuwa ikirudiwa kila mahali, kwamba mkulima akizuiwa kukata msitu zao litakufa, ilionekana wazi kuwa haina msingi.

Kwa nini basi makubaliano hayo yamepigwa vita? Hapa inafaa kuwasikiliza wakulima bila dharau. Sheria ya Misitu inamtaka mwenye shamba ndani ya msitu wa Amazon abakize asilimia 80 ya uoto wa asili, na inamruhusu kwa kibali kutumia asilimia 20. Makubaliano ya soya hayakujali kibali hicho: ukikata hata ulichoruhusiwa, mfanyabiashara hakununua. Mkulima anaona kwamba kampuni za kigeni zimejitungia sheria juu ya sheria ya nchi yake, na kwamba anabeba gharama ya kutunza msitu kwa niaba ya dunia nzima bila kulipwa. Malalamiko hayo si ya kipuuzi. Yamezaa sheria ya jimbo la Mato Grosso ya mwaka 2024 ya kuzinyima misamaha ya kodi kampuni zinazofuata masharti yanayozidi yale ya sheria, na mwezi Agosti 2025 mamlaka ya ushindani wa biashara ya Brazil, CADE, iliamuru makubaliano yasitishwe kwa hoja kwamba wanunuzi wameungana kuwabana wakulima. Amri hiyo ikapingwa mahakamani, na mvutano ukaendelea. Maoni yangu ni kwamba jawabu la malalamiko ya haki ni malipo. Mkulima aliyebakiza hekta nyingi kuliko alizolazimishwa na sheria alipwe kwa hekta hizo za ziada, na walipaji wawe wale wanaonunua soya na kujisifu kwamba ni safi. Kuivunja kanuni iliyofanya kazi kwa karibu miaka 20 ili kumridhisha mtu ambaye angeridhika kwa kulipwa ni hasara ya pande zote.

Lakini hata makubaliano hayo yangeimarishwa kesho, yangeulinda msitu mmoja tu, na hapa ndipo ninapotofautiana na watetezi wengi wa mazingira ninaoheshimu kazi yao. Kusini na mashariki mwa Amazon kuna uoto uitwao Cerrado, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni mbili, ambao karibu nusu yake imekwisha kugeuzwa mashamba na malisho. Sehemu kubwa ya soya ya Brazil hulimwa humo. Miti yake mingi ni mifupi na iliyopindapinda, yenye magome mazito yanayostahimili moto, na kati yake kuna nyasi na vichaka. Si mandhari ya kupamba kalenda, na ni kazi ngumu kuchangisha fedha kwa ajili ya mti wenye kimo cha mita tatu uliojipinda. Ila chini ya ardhi mambo ni mengine. Mizizi ya baadhi ya mimea hiyo hushuka zaidi ya mita 10 kutafuta maji, na kiasi cha mmea kilichofichwa udongoni mara nyingi hukizidi kile kinachoonekana juu. Ukipima kaboni iliyohifadhiwa kwa kuangalia urefu wa shina tu, utaiona Cerrado kuwa ardhi tupu, na ndivyo ilivyoonwa kwa miongo mingi.

Maji ndiyo hoja kubwa zaidi. Mizizi hiyo na udongo wenye kina kirefu wa nyanda za juu hunywesha mvua ardhini na kuiachia polepole kwenye chemchemi. Mito São Francisco na Tocantins, pamoja na vijito vingi vinavyoujaza mto Paraná, huanzia huko. Magharibi mwa jimbo la Bahia nyanda za juu zilizo tambarare zimefunikwa na soya na pamba, na mitambo mikubwa ya umwagiliaji inayozunguka huvuta maji kutoka kwenye hazina ileile ya chini ya ardhi inayoulisha mto São Francisco. Chini mabondeni huishi jamii za wafugaji na wakulima wadogo ambao kwa vizazi vingi walilisha ng'ombe wao juu kwenye nyanda na kulima kando ya vijito. Sheria inamtaka mwenye shamba kubwa la juu atenge eneo la hifadhi. Baadhi ya wenye mashamba hutenga kwa kujiandikishia mabonde hayohayo yanayokaliwa na watu, kisha hutumia nyanda yote ya juu. Hivyo aliyeutunza uoto wa bondeni bila hati hugeuzwa mvamizi wa hifadhi, na aliyeung'oa uoto wa juu huonekana ametimiza sheria. Sijaona katika suala zima la soya jambo linalokera kuliko hili.

Ulinzi wa kisheria wa Cerrado ni dhaifu mno. Badala ya asilimia 80, mwenye shamba hutakiwa kubakiza asilimia 20 katika sehemu kubwa ya eneo hilo, na asilimia 35 pale linapoingia katika mipaka ya kiutawala ya Amazon. Makubaliano ya wafanyabiashara ya mwaka 2006 hayakuligusa. Mwaka 2017 mashirika ya mazingira yalitoa tamko la kutaka ulinzi unaofanana na ule wa Amazon, na kampuni nyingi za vyakula za kimataifa zikaliunga mkono, lakini wafanyabiashara wa soya hawakukubali kuweka katazo kama lile. Matokeo yanasomeka katika takwimu za INPE, taasisi ya taifa ya Brazil ya utafiti wa anga. Katika mwaka ulioishia Julai 2023, Amazon ilipoteza takriban kilomita za mraba 9,000. Cerrado, ambayo ukubwa wake ni kama nusu ya Amazon ya Brazil, ilipoteza takriban 11,000. Magazeti mengi ya dunia yalitangaza mwaka huo kwamba ukataji wa misitu Brazil umepungua. Mwaka uliofuata maeneo yote mawili yalipata nafuu, na ni haki kulisema hilo, lakini kilomita zilizopotea katika Cerrado zilikuwa bado nyingi kuliko za Amazon.

Kosa lilelile limerudiwa na Umoja wa Ulaya. Sheria yake ya mwaka 2023 inapiga marufuku kuingiza sokoni soya, nyama ya ng'ombe, mafuta ya mawese, kahawa, kakao, mpira na mbao zitokazo katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Ni sheria nzuri kwa nia, ingawa utekelezaji wake umeahirishwa mara mbili. Lakini msitu unaolindwa ni ule wenye miti inayozidi mita tano kwa kimo na inayofunika zaidi ya asilimia 10 ya eneo. Kwa kipimo hicho sehemu kubwa ya Cerrado inabaki nje, na mfanyabiashara anaweza kuuza Ulaya, kwa cheti safi kabisa, soya iliyolimwa mahali palipopitishwa mnyororo juzi. Usishangae basi ukiona mashamba mapya yakisogea kuelekea eneo liitwalo Matopiba, linalounganisha majimbo ya Maranhão, Tocantins, Piauí na Bahia. Mtaji ulisoma sheria na kwenda ulikoruhusiwa.

Jambo hili si la Brazil peke yake. Paraguai ilipiga marufuku mwaka 2004 ukataji wa misitu katika nusu ya mashariki ya nchi, ambako soya ilikuwa imeumaliza karibu msitu wote wa Atlantiki. Marufuku ilifanya kazi mashariki, na tingatinga zikavuka mto kwenda magharibi katika misitu mikavu ya Chaco, pamoja na wafugaji ambao mashamba yao ya zamani yalikuwa yamechukuliwa na soya. Argentina ilitunga sheria yake ya misitu mwaka 2007, lakini misitu ya Chaco katika majimbo ya Salta na Santiago del Estero iliendelea kukatwa. Bolivia nayo imepoteza misitu mingi katika mkoa wa Santa Cruz. Kote huko mwendo ni uleule: soya inayostahimili dawa ya kuua magugu ya glaifosati, ambayo Argentina iliiruhusu mwaka 1996, ilirahisisha kilimo cha mashamba makubwa kwa watu wachache, na kila palipozuiwa, kilimo kilihamia palipoachwa wazi.

Wapo watakaouliza: ikiwa dunia inahitaji protini, si heri miti iende? Swali hilo lingekuwa na uzito kama soya ingeweza kustawi bila miti. Miaka ya 1970 mwanasayansi wa Brazil, Eneas Salati, alionyesha kwamba karibu nusu ya mvua ya Amazon ni maji yanayorudishwa angani na msitu wenyewe kupitia majani yake. Mvuke huo husukumwa na upepo kuelekea magharibi, hugonga milima ya Andes na kugeukia kusini, ukapeleka mvua katika nyanda zilezile zinazolimwa soya. Wakulima wa Mato Grosso huvuna mara mbili kwa mwaka: hupanda soya mvua zinapoanza mwezi Septemba au Oktoba, na mara tu wanapoivuna hupanda mahindi katika shamba hilohilo. Faida yao imejengwa juu ya mavuno hayo mawili, na mavuno mawili yanategemea msimu mrefu wa mvua. Mvua zikichelewa wiki chache, mahindi hukosa nafasi. Tafiti zilizofanywa kusini mwa Amazon zimeonyesha kwamba palipokatwa miti kwa wingi mvua huchelewa kuanza na joto la ardhini hupanda nyuzi kadhaa, kwa sababu shamba la soya hutoa mvuke kwa miezi michache tu ya mwaka, ilhali msitu hutoa mwaka mzima. Wanasayansi Thomas Lovejoy na Carlos Nobre waliandika mwaka 2018 kwamba Amazon ikipoteza kati ya asilimia 20 na 25 ya miti yake, sehemu kubwa ya msitu inaweza kushindwa kujirudishia mvua yake. Tayari umepotea karibu na kiwango hicho cha chini. Mkulima wa soya, kuliko mwanaharakati yeyote wa mjini, ndiye mwenye sababu ya kuogopa.

Na ardhi ipo. Embrapa ilichapisha mwaka 2024 tathmini inayoonyesha kwamba Brazil ina takriban hekta milioni 28 za malisho yaliyochoka ambazo zinafaa kulimwa mazao. Eneo hilo ni zaidi ya nusu ya mashamba yote ya soya ya sasa. Kuifufua ardhi iliyochoka kunagharimu zaidi mwanzoni kuliko kung'oa uoto wa asili, kwani inahitaji chokaa, mbolea na subira ya misimu kadhaa, na ndiyo maana mikopo nafuu ielekezwe huko na inyimwe anayetaka ardhi mpya. Sambamba na hilo ng'ombe wafuatiliwe tangu shamba alikozaliwa ndama. Kwa sasa ndama huzaliwa katika shamba lililokatwa msitu kinyume cha sheria, akahamishiwa shamba safi kunenepeshwa, na machinjio mengi huangalia makaratasi ya shamba la mwisho tu. Bila kuuziba mwanya huo, soya itaendelea kuchukua malisho ya zamani kwa utaratibu wote, na malisho mapya yataendelea kufunguliwa msituni bila jina la soya kuandikwa popote. Makubaliano yoyote mapya yahusishe uoto wote wa asili, Amazon, Cerrado na Chaco, kwa tarehe moja ya kuhesabia. Na China, iliyo mnunuzi mkubwa kuliko wote, iwe miongoni mwa wanaoweka masharti, kwa maana masharti ya Ulaya peke yake yatagawa tu mizigo: safi iende Ulaya, nyingine iende kwingine.

Nimalizie kwa ombi kwako, Ndugu Mhariri. INPE hutoa takwimu za Amazon na za Cerrado, tena mara nyingi ndani ya kipindi kilekile cha mwaka. Mashirika ya habari husambaza zaidi zile za kwanza, na magazeti yetu huzichapisha kama zilivyopokelewa. Ningeomba chumba chako cha habari, kila kinapochapisha tarakimu za Amazon, kichapishe na za Cerrado katika habari hiyohiyo, ili msomaji anayeambiwa kwamba ukataji umepungua aweze kuangalia mstari wa pili na kujua kama umepungua kweli au umehama.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi